Mayai Yakitolewa, Ziwa Lasalimika? Kisa cha Fundi wa Kushona wa Mombasa

Aliponifikia alikuwa ameshaamua. Alitoa bahasha ya kaki kwenye mkoba, akaitandaza juu ya meza kwa kiganja, taratibu, kama atandazavyo kitambaa kabla ya kukitia mkasi. Kisha akaniambia: "Dadangu, nimeambiwa nikitoa mayai, hata ziwa lasalimika nusu nzima. Basi na nitolewe, yaishe yote mara moja." Mayai kwake ni ovari, vile vifuko vya mayai; ziwa ni titi; na hiyo nusu ni nusu ya hatari ya saratani ya titi.

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi moja ya maabara ya ng'ambo. Maneno yaliyomhusu yalikuwa mstari mmoja tu: ana mabadiliko yenye madhara kwenye BRCA1, jeni ambayo ikiharibika huongeza sana hatari ya saratani ya titi na ya ovari.

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake. Jina nimeliacha, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha nimeyageuza. Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na wanawake wanaopewa karatasi kama ile, wasijue waanzie wapi. Naandika kwa sababu ile sentensi yake, kwamba ziwa lasalimika nusu, niliwahi kuisema mimi mwenyewe. Niliwaambia wanawake wengi kabla yake, kwa nia njema, nikiamini nasema kweli. Leo nisingeisema hivyo, hasa kwa mwenye BRCA1, na nadhani nina deni la kueleza kwa nini.

Mwenye kisa ana miaka 38. Hushona mabaibui na nguo za harusi, anaishi ng'ambo ya daraja la Nyali, ana watoto watatu, wa mwisho wa miaka sita. Mumewe ni mtoto wa ami yake. Hilo la mume lishike, tutalirudia.

Upande wa baba hakuna aliyeuhesabu

Mambo yalianzia kwa dadake mkubwa, ambaye na miaka 44 alipatikana na saratani ya titi. Kinyama kilipopimwa hakikuwa na vipokezi, ile milango ya seli inayopokea homoni, si vya estrojeni wala vya projesteroni, wala hakikuwa na protini iitwayo HER2; ile aina ambayo madaktari huiita hasi tatu. Daktari aliyemtibu aliuliza swali ambalo wengi hulisahau kwa haraka ya kliniki: kwenu nani mwingine? Swali hilo ndilo lililopeleka damu yake maabara, na ndilo lililomfikisha mdogo wake mezani kwangu. Yeye kipimo chake kilikuwa chepesi zaidi, kwa kuwa maabara ilishajua ni mahali gani hasa pa kutazama ndani ya jeni.

Nilichukua karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza nyuma, tukachora ukoo. Miduara kwa wanawake, miraba kwa wanaume, na mkwaju kwa aliyefariki. Aliniongoza moja kwa moja kwa mamake. Mama yu hai, amepita sabini, na khalati zake watano wote wahai. Tukawajaza hadi karatasi ikaenea upande wa kulia. Hapana saratani hata moja.

"Na kwa baba?"

"Kwa baba hakuna. Baba alikufa mzee, kwa presha."

"Baba alikuwa na dada?"

Akanyamaza kidogo. Shangazi alikuwako, alifariki na miaka 41, ugonjwa wa ziwa. Na bibi mzaa baba? Bibi alifariki kabla yeye hajazaliwa. Tumbo lilijaa maji, watu wakasema ini. Alipokuwa akiyasema haya kalamu ilikuwa mkononi mwake, na mikwaju miwili aliichora yeye mwenyewe. Halafu akasema neno ambalo nimelisikia kwa wanawake wengi wa Pwani: "Lakini haya maradhi ya kike si yafuata wanawake? Baba alikuwa na ziwa gani?"

Hapa ndipo familia nyingi hupotea njia. BRCA1 iko kwenye kromosomu ya 17, na kromosomu hiyo kila mtu ana mbili, mwanamume kwa mwanamke. Mwanasayansi Mary-Claire King wa Marekani alionyesha mwaka 1990 kwamba saratani ya titi katika baadhi ya familia inafuatana na eneo hilo, na mwaka 1994 jeni yenyewe ikapatikana. Kazi yake ni kurekebisha uzi wa vinasaba unapokatika. Baba mwenye nakala mbovu anaweza kuishi hadi uzee asiugue kabisa, lakini kwa kila mtoto anayemzaa, awe wa kike au wa kiume, uwezekano wa kumrithisha ni nusu kwa nusu. Tumbo la bibi lililojaa maji siwezi kulithibitisha leo, hakuna cheti wala kinyama kilichohifadhiwa. Ila saratani ya ovari inapokomaa hufanya hivyo hasa: hujaza tumbo maji.

Sasa nilirudi kwa mume. Baba yake na baba wa mwenye kisa ni ndugu tumbo moja. Ikiwa nakala mbovu ilitoka kwa bibi, basi ami yake alikuwa na nusu ya uwezekano wa kuipata, na mume robo. Katika mji wetu, ambako kuoa binamu ni jambo la kawaida na la heshima, hesabu hii ni lazima ifanywe kila mara, kwa upole, bila kumfanya mtu ajione ndoa yake ina aibu. Watoto wao wangeweza kuwa na hatari kutoka pande zote mbili. Mume aliposikia alicheka kwanza, akasema yeye mwanamume apimwe nini. Wiki mbili baadaye alikuja peke yake, asubuhi, kabla ya kufungua duka, akakunja mkono wa kanzu. Majibu yake yalirudi safi. Siku hiyo alikaa kwenye benchi la nje muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Hesabu aliyokuja nayo

Tuanze na zile tarakimu ambazo hazina ubishi mkubwa. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti mkubwa uliowafuatilia wanawake wenye mabadiliko haya kwa miaka. Kwa wenye BRCA1, katika kila 100, takriban 72 hupata saratani ya titi kufikia umri wa miaka 80, na takriban 44 hupata ya ovari. Kwa wenye mabadiliko kwenye BRCA2, jeni nyingine ya aina hiyo, ni 69 kwa titi na 17 kwa ovari. Kwa mwanamke wa kawaida, saratani ya ovari ni kama 1 katika 100 maisha yake yote. Yeye, basi, alikuwa amesimama penye 44.

Aliuliza swali la busara: kwa nini asipimwe ovari kila mwaka, kwa ultrasaundi na damu, kisu kikangoja hadi kionekane kitu? Natamani ningeweza kumjibu ndiyo. Nchini Uingereza walifuatiliwa wanawake zaidi ya 200,000 wa umri uliopita hedhi, na matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kuwapima kila mwaka hakukupunguza vifo vya saratani ya ovari. Wale hawakuwa wenye BRCA1, ni kweli, na kwa wenye BRCA1 nako hakuna upimaji uliothibitika kuokoa maisha. Saratani hii hukaa kimya, ikipiga hodi imeshaingia.

Na kisu chenyewe chafanya nini kwa ovari? Utafiti wa mwaka 2014 uliwakusanya wanawake 5,783 wenye BRCA1 au BRCA2 kutoka nchi kadhaa. Waliotolewa ovari na mirija, hatari ya saratani ya ovari, ya mirija na ya utando wa tumbo ilishuka kwa asilimia 80. Kwa mwenye BRCA1 watafiti hao walikadiria kwamba akingoja hadi miaka 40, uwezekano wa kukutwa na saratani kabla ya upasuaji au siku ya upasuaji yenyewe ni asilimia 4. Akingoja hadi 50, ni asilimia 14. Ndiyo maana mwongozo wa Marekani unataja miaka 35 hadi 40 kwa BRCA1, baada ya mtu kumaliza kuzaa, na 40 hadi 45 kwa BRCA2. Yeye na miaka yake 38 alikuwa ndani kabisa ya dirisha hilo.

Kwa hiyo sababu ya kutoa ovari alikuwa nayo, na ilikuwa sababu nzito. Lakini siyo aliyokuja nayo.

Ile nusu ilitoka wapi

Wazo kwamba ovari hulisha saratani ya titi si la jana. Mwaka 1896 daktari George Beatson wa Glasgow alieleza jinsi alivyotoa ovari za wanawake wenye saratani ya titi iliyokwisha kuenea, na uvimbe ukapungua. Wakati huo hata estrojeni ilikuwa haijajulikana. Tangu hapo mantiki ilikaa vichwani mwa madaktari: ondoa chanzo cha homoni, titi litapumua.

Mwaka 2002 tafiti mbili zilichapishwa pamoja kwa wanawake wenye BRCA, na moja yake ilionyesha kwamba waliotolewa ovari walipata saratani ya titi kwa kiasi cha nusu tu ya wasiotolewa. Mwaka 2009 tafiti kadhaa zilijumlishwa, nusu ikatoka tena. Hiyo ndiyo nusu niliyofundishwa mimi, ndiyo niliyoitoa kwa wanawake, na ndiyo iliyozunguka hadi ikamfikia fundi wa kushona kwenye kikao cha chama, kile cha wenzake cha kuchangiana kwa zamu.

Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi wakafanya jambo ambalo mimi nalistahi sana. Walichukua wanawake 822 wenye mabadiliko hayo, ambao walikuwa hawajaugua, wakahesabu kwanza kwa njia zilezile za tafiti za zamani. Ile kinga kubwa ikajitokeza, kama ilivyotarajiwa. Kisha wakahesabu wanawake walewale kwa njia iliyosafishwa, na kinga ikayeyuka. Hakuna tofauti iliyobaki kati ya waliotolewa na wasiotolewa.

Ilinichukua muda kuelewa kosa lilikuwa wapi, na nilipomweleza yeye nilitumia mfano wa kwetu. Chukua wanawake mia mbili wa mtaa mmoja, uliza nani alikwenda Hija na nani hakwenda, kisha hesabu waliishi miaka mingapi. Utakuta waliokwenda wameishi zaidi. Je, Hija ndiyo iliyowaongezea umri? Watu wetu wengi huenda wakiwa wamepita hamsini, baada ya kulea na kukusanya nauli. Aliyefariki na thelathini na tano amehesabiwa kwenye fungu la wasiokwenda, kwa kuwa hakupewa muda wa kwenda. Na aliyekwenda, kwa kule kwenda kwake tu, alikuwa ameshaivuka miaka yote ile salama.

"Ni umri uliomfikisha Hija," akasema, "si Hija iliyomfikisha umri."

Ndivyo. Mwanamke aliyetolewa ovari na miaka 45 bila kuwa na saratani ya titi alikuwa ameshakaa miaka kadhaa salama kabla ya kisu. Muda ule, katika hesabu za zamani, ama uliandikwa upande wa kisu, ama ulitupwa, usihesabiwe kwa wasiopasuliwa ambako ndiko ulikokuwa mali yao. Tena wanawake wengine walipimwa jeni kwa sababu walikuwa wameshaugua titi, kama dadake, na wakaingia katika fungu la wasiopasuliwa wakiwa na ugonjwa tayari. Fungu hilo likaonekana bovu kuliko lilivyo.

Mwaka 2017 kikundi kingine, kilichofuatilia wanawake 3,722, nacho hakikuona kinga ya titi kwa ujumla. Kwa wenye BRCA2 waliotolewa kabla ya miaka 50 ilionekana dalili ya kinga, ingawa walikuwa wachache. Hilo lina mantiki yake: saratani nyingi za titi za BRCA2 huwa na vipokezi vya estrojeni, na nyingi za BRCA1 ni hasi tatu, kama ya dadake. Ukimwondoa mpishi, asiyekula chakula chake hashindi njaa.

Sitaki niseme kwamba mlango umefungwa. Mwaka 2021 utafiti wa familia 876 ulirudi na jibu la kati: kinga ya titi ilionekana kubwa katika miaka mitano ya kwanza baada ya upasuaji, kisha ikapungua, hata kwa wenye BRCA1. Wataalamu bado wanabishana. Ila kuna tofauti kubwa kati ya jambo linalobishaniwa na ahadi. Mwanamke anayetoa kiungo cha mwili wake akiamini amepata nusu ya salama ya titi, ataacha kulipima titi. Hiyo ndiyo hofu yangu. Nimewahi kumwona aliyeacha, miaka mitatu mfululizo, akijua ameshamaliza. Aliporudi, uvimbe ulikuwa umefika kwapani.

Nilipomaliza kumweleza mwenye kisa alikunja karatasi yake, akaikunjua tena. Alikuwa amekasirika, na haki alikuwa nayo. "Sasa hili la mayai ni la mayai tu."

"Ni la mayai tu. Na la mayai peke yake linatosha kuwa sababu. Ziwa tutaliwekea mpango wake."

Kukata shauri

Hakuamua siku hiyo. Alikwenda kwa shehe anayemsomea, kwa kuwa kutoa kiungo kizima kisichouma lilikuwa jambo zito kwake. Shehe hakumpa fatwa ya haraka. Alimrudisha kwetu na swali, nami nalitamani liulizwe katika kila kliniki: madhara haya ni ya kudhani au yana hesabu, na waliohesabu ni waaminifu? Tukamwandikia zile 44 katika 100 dhidi ya 1 katika 100, pamoja na ile asilimia 80, karatasi moja. Wiki iliyofuata alisema ameridhika.

Mamake alikuwa na neno jingine. Alidhani bintiye anatolewa kizazi, na kwa mama yule mwanamke asiye na kizazi ni mwanamke aliyepunguzwa. Ilibidi tumchoree: kizazi hiki hapa, kinabaki, mirija hii miwili na vifuko hivi vya mayai, ndivyo vinavyotoka. Hedhi itakoma, mimba haitakuwapo tena. Mama aliitazama ile picha, akauliza kama itauma. Sikutegemea swali hilo kwake.

Mume naye alitaka mtoto wa nne, hakuficha. Walizungumza wenyewe, usiku kadhaa, na sikuyauliza. Nililolisimamia mimi ni jambo moja: siku ya kujaza fomu, karani wa hospitali alidai sahihi ya mume mahali pa idhini. Mume mwenyewe alikuwapo, alikuwa tayari kutia. Lakini idhini ni ya mwenye mwili, na sheria yetu ya afya ya mwaka 2017 inamtaka yeye aelezwe na yeye akubali. Fomu ilibadilishwa. Yeye alitia sahihi yake kwa herufi kubwa kubwa, moja moja.

Upasuaji, na kipande ambacho kingepotea

Ulifanyika baada ya Ramadhani, wiki ya pili ya mfungo mosi, kwa matundu madogo matatu. Alilala usiku mmoja. Kisu chenyewe sina mengi ya kukisimulia, kilikwenda vizuri.

La kusimuliwa ni lililofuata. Saratani nyingi zinazoitwa za ovari kwa wanawake hawa zinaaminika leo kuanzia kwenye ncha ya mrija, pale penye vijidole vinavyopokea yai, na mara nyingine huwa ni doa dogo lisiloonekana kwa macho. Kwa hiyo mirija lazima itolewe pamoja na ovari, na maabara inapaswa kuikata yote vipande vyembamba vyembamba, hasa ile ncha, na kuitazama kipande kwa kipande. Fomu iliyoambatana na chupa haikuandikwa neno BRCA popote. Iliandikwa tu "ovari na mirija, pande zote mbili". Maabara, kama inavyofanya kwa mrija wowote wa kawaida, ilikata kipande kimoja kimoja, ikajibu kwamba hakuna tatizo.

Nilipoyaona majibu nilirudi na simu. Bahati nyama ilikuwa bado imehifadhiwa. Mwanapatholojia alipojua sababu ya upasuaji aliikata upya yote, akachukua siku nyingine tisa. Siku tisa zile mwenye kisa alishona gauni la harusi lenye shanga, akalifumua bega mara mbili. Majibu yakaja: mirija safi, ovari safi. Nakuomba wewe msomaji unayekwenda kwenye upasuaji huu, au unayempeleka dadako: ulizia kabla kama fomu ya maabara imeandikwa kwamba mgonjwa ana BRCA. Neno lenyewe ni fupi.

Hari

Ovari zikitoka kwa mwanamke wa miaka 38, hedhi haififii kwa miaka kama kwa mzee. Inakatika kwa siku. Yeye alianza kuungua ndani ya wiki mbili. Kusi ilikuwa imeingia, watu usiku wanajifunika shuka mbili, naye amekaa dirishani akijipepea kwa upepeo wa ukindu, kanga imelowa mgongoni. Usingizi ukakatika. Kukaribiana na mumewe kukawa na maumivu ambayo hakuniambia mpaka nilipouliza kwa jina, bila kuzunguka.

Alikuwa amekataa homoni. Mtu alimwambia homoni ni kansa. Kwa mwanamke aliyekwisha kuugua titi, kama dadake, homoni huepukwa kweli. Yeye hajaugua. Utafiti wa mwaka 2018 uliwatazama wanawake 872 wenye BRCA1 waliotolewa ovari, na waliotumia homoni kwa jumla hawakuonekana kuugua titi zaidi ya wasiotumia. Estrojeni peke yake ilionekana nafuu kuliko ikichanganywa na projesteroni. Yeye ana kizazi, kwa hiyo projesteroni anaihitaji ili ukuta wa kizazi usinenepe kupita kiasi. Na asipotumia chochote hadi umri wa kawaida wa kukoma hedhi, mifupa na moyo vingelipa. Alikubali, kwa dozi ndogo, na tutaiangalia kila mwaka. Mwezi wa pili alinipigia kuniambia amelala usiku mzima. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuuamsha.

Mifupa imepimwa. Anatembea alfajiri hadi ufukweni na jirani yake, na dagaa wamerudi mezani.

Ziwa na mpango wake

Kutoa matiti yote mawili kungepunguza hatari ya titi kwa zaidi ya asilimia 90. Hakuna jingine linalokaribia hapo. Nilimwambia hivyo bila kupunguza. Alisema si sasa. Amemfunga dadake bendeji kwa mikono yake, na picha ile haijamtoka. Sikubishana naye, wala sioni kama ni woga.

Kwa hiyo anapimwa. MRI ya matiti mara moja kwa mwaka, na mamogramu miezi sita baadaye, zikipishana. Hospitali ya kwanza tuliyoiuliza hapa ilikuwa na mashine ya MRI lakini haikuwa na koili ya matiti, kile kifaa ambacho mwanamke hulala kifudifudi matiti yakaingia ndani yake. Bila hicho picha haina maana. Hupanda treni Miritini, akapimwa Nairobi, akarudi kesho yake. Nauli na kipimo ni fungu la chama. Wenzake wamekubali zamu yake iwe mwezi huo kila mwaka, bila kupigiwa kura.

Lililobaki lilikuwa wale wengine. Shangazi aliyefariki na miaka 41 aliacha mabinti watatu, wawili Malindi na mmoja Lamu. Hawakuwahi kuulizwa na mtu. Aliniomba nimsaidie kuandika barua, si ujumbe wa simu, kwa kuwa ujumbe wa simu, alisema, hupita kama salamu. Tuliandika ukurasa mmoja: mama yenu aliugua nini, sisi tumekutwa na nini, jeni yaitwaje na mahali palipoharibika pameandikwaje, ili maabara yoyote isianze upya. Hakuandika wafanye nini. Alitia nakala ya majibu yake mwenyewe, akazikunja kwenye bahasha tatu za kaki, akampa kila moja dereva wa basi anayemjua.

Wawili wa Malindi wamekuja, na mmoja wao damu yake imeshakwenda. Wa Lamu hajajibu. Ana miaka 40, na mwenye kisa anasema akimaliza harusi iliyo mezani atapanda basi amfuate mwenyewe.